Barabara ya Tukuyu na Maji Yanayopita Chini Yake

Anayetoka Uyole kwenda Kyela hupanda kwanza hadi Isongole, kwenye baridi na mashamba ya viazi, kisha huteremka kupitia Kiwira na Tukuyu, katikati ya chai na migomba, mpaka kwenye joto la mpunga na kakao karibu na Ziwa Nyasa. Kwangu hakuna barabara nzuri kuizidi hiyo katika Nyanda za Juu Kusini. Lakini uzuri wake umetokana na jambo lile lile linaloichosha, nalo ni maji.

Kilele cha Rungwe kinazidi mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kati ya kilele na ziwa hapafiki kilomita 60. Tukuyu nayo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji mengi namna hiyo, yakipewa mteremko mkali na safari fupi, hayapiti bila kuchimba.

Na ardhi yenyewe inachimbika kwa namna ya pekee. Rungwe, Ngozi na Kyejo ni milima ya volkano, iliyoota pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Kyejo ulimwaga lava karibu na mwaka 1800. Miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ulirusha angani jiwe povu kwa mlipuko mkubwa. Kwa hiyo ukikata kilima huku, mara nyingi utakuta lava ngumu imelala juu ya majivu laini. Mto ukifika kwenye ukingo wa lava hiyo, hula kilicho laini chini yake na kuacha kilicho kigumu kikining'inia. Nenda Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, uone: nyuma ya maporomoko kuna pango ambalo mtu anaingia na kusimama, maji yakianguka mbele yake. Dari la pango hilo ni lava.

Daraja la Mungu, juu ya Mto Kiwira, ni mwana wa volkano hizo hizo. Lava iliziba njia ya mto ikapoa na kuganda. Maji yakapata upenyo chini yake, yakaupanua, na juu ukabaki upinde wa mwamba unaounganisha kingo mbili. Swali ambalo wageni huuliza ni kwa nini haliporomoki. Jiwe huvumilia sana kubanwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Umbo la upinde hupokea uzito wa juu na kuusukuma kando hadi kwenye kingo, hivyo karibu kila sehemu ya mwamba hubanwa na ni kidogo sana inayovutwa. Waashi wa kale waliojenga madaraja ya mawe bila chuma wala saruji walitegemea kanuni hiyo hiyo. Mahali pengine kwenye Mto Kiwira huo huo, pale Kijungu, mto umejibana katikati ya miamba na kuzungusha kokoto palepale kwa muda mrefu mno, hadi zikatoboa shimo la mviringo ndani ya jiwe gumu.

Mto unaoweza kutoboa lava utaifanya nini nguzo ya daraja iliyosimikwa kwenye mchanga? Daraja likianguka, watu hulaumu uzito wa malori. Mara nyingi aliyelibomoa ni maji yaliyochimba chini ya msingi. Tena hufanya hivyo kwa siri: wakati wa mafuriko mto huondoa mchanga kuzunguka nguzo, na mafuriko yakipungua mchanga mwingine hujaa shimoni. Mkaguzi akija kiangazi anakuta kila kitu kimetulia. Ndiyo sababu msingi lazima ushuke hadi kwenye mwamba, au upite kina ambacho mafuriko makubwa yanaweza kukichimba, na kingo zilindwe kwa mawe yaliyofungwa kwenye wavu wa chuma.

Barabarani nako ni hivyo hivyo. Lami huvutia macho, lakini anayeishi pale atakuambia kuwa kinachoiua ni kalavati lililoziba kwa majani ya migomba na udongo wa mashamba ya juu. Maji yakikosa tundu hupita juu ya barabara, na upande wa bondeni huanza kumeguka. Inaniuma kuona fedha nyingi zikimwagwa kwenye tabaka la juu huku mtaro ukikosa hata mtu wa kuuzibua kwa jembe.

Udongo huo hauishii barabarani. Hushuka na mito hadi Kyela, ambako mchanga umesumbua bandari ya Itungi kwa miaka mingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa kuwa mizizi ya nyasi na miti ya kando ndiyo inayoshika kingo. Mvua za huku huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Mei. Makalavati yanapaswa kuwa yamezibuliwa, na misingi ya madaraja kupimwa, kabla ya Oktoba kwisha.