Mapafu ya Mbuzi Yapelekwe Darasani

Mbuzi anapochinjwa kijijini, nyama na ini hugombewa. Mapafu hayana mwenyewe. Safari hii yapelekeni shuleni. Watoto watajifunza jinsi wanavyopumua.

Vitu vinavyotakiwa ni mapafu yaliyokaguliwa na bwana afya, yasiyotobolewa, yakiwa na koo lake la hewa. Tafuteni pia kipande cha ini, pampu ya baiskeli, ndoo ya maji na sabuni.

Kwanza, watoto waguse koo la hewa. Lina pete ngumu zinazolizuia lisijifunge. Kisha kila mtoto apapase shingo yake. Atazikuta pete kama hizo.

Pili, mwalimu aingize mpira wa pampu ndani ya koo, aufunge kwa kamba na kupampu polepole. Mapafu yatavimba. Akiacha, yatanywea. Asipulize kwa mdomo, maana anaweza kuambukizwa magonjwa ya mnyama.

Tatu, akate kipande cha pafu akitie majini pamoja na ini. Ini litazama, pafu litaelea. Watoto waulizwe sababu kabla ya kuambiwa. Ndani ya pafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Humo damu huchukua hewa safi na kutoa hewa chafu.

Somo hili lina faida nyumbani. Mtoto akiugua nimonia, yaani homa ya mapafu, vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji. Hewa haitoshi, kwa hiyo mtoto hupumua haraka haraka. Mara nyingi anayembeba mdogo wake mchana kutwa ni mwanafunzi. Basi afundishwe kuhesabu pumzi.

Mtoto mdogo awe ametulia, halii. Tazama kifua chake kwa dakika 1 nzima kwa saa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, ni hatari. Wa mwaka 1 hadi miaka 4, hatari ni mara 40 au zaidi. Akiwa na kikohozi na pumzi za namna hiyo, mwanafunzi awaambie wazazi, nao wampeleke zahanati siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta pumzi, wasingoje hata kidogo.

Baada ya somo, wote wanawe kwa sabuni. Mapafu yafukiwe katika shimo refu. Mbwa akila mapafu mabichi anaweza kupata minyoo ya tegu inayodhuru watu.