Kutoka Gome la Mkwinini hadi Dawa ya Bakteria

Mkwinini ni mti uliotoka Amerika ya Kusini, na kwa miongo mingi umelimwa katika vilima vya Kivu, mashariki mwa Kongo. Gome lake hubanduliwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wake ni mchungu mno. Kiwanda cha Pharmakina, mjini Bukavu, hutoa humo kwinini, dawa ya malaria.

Kwinini ilitengwa mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou. Baadaye wanakemia walitengeneza molekuli zenye kiini kama chake, na mwaka 1934 ikapatikana klorokwini. Katika kutengeneza klorokwini hubaki mazao ya pembeni. Mojawapo lilionekana kuua bakteria, na kutokana nalo George Lesher na wenzake, huko Marekani, walitangaza asidi ya nalidiksi mwaka 1962. Ilitibu hasa maambukizi ya njia ya mkojo.

Kisha molekuli ilirekebishwa kipande kwa kipande. Atomu moja ya florini iliongeza nguvu yake. Pete ya piperazini iliongeza aina za bakteria ambao dawa inawashinda. Ndivyo ilivyozaliwa siprofloksasini, inayozuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kukunjua DNA yake ili azaliane.

Lakini bakteria nao hubadilika. Dozi iliyokatizwa, au dawa iliyonunuliwa bila kupimwa, huwafundisha usugu. Dawa iliyogharimu miaka ya kazi itumike kwa maelekezo ya mganga, na dozi imalizwe.