Kijani na Nyekundu Ndani ya Kompyuta

Katika nchi ya Simba na Yanga, nyekundu na kijani hazihitaji maelezo. Lakini ukikaa na vijana wa Tunduma wanaohariri video au kucheza gemu za kompyuta, utazisikia rangi hizohizo zikitajwa kwa jambo jingine. Kijani ni Nvidia. Nyekundu ni AMD, iliyoirithi ATI ya Kanada. Hao ndio mahasimu wakubwa wa kadi za grafiki, na wapo vijana waliokwisha kuapa kwamba kadi ya upande wa pili haitaingia kwenye mashine yao hata wakipewa bure. Ushabiki wa mpira unaumiza moyo tu. Ushabiki wa kadi unakula mtaji, na wengi ninaowaona wanatumia fedha waliyoikusanya kwa mwaka mzima.

Tuanze na kazi yenyewe. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Gemu linaloonyesha picha 60 kwa sekunde linadai rangi za nukta zaidi ya milioni 124 zikokotolewe kila sekunde. Prosesa ya kawaida ina viini vichache, vyenye uwezo wa kufanya kazi ngumu za kila namna kwa zamu. Kadi ya grafiki ina viini mamia au maelfu. Kila kimoja hufanya hesabu ndogo, na vyote hufanya kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sababu kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya gemu kimekuja kuwa injini ya akili bandia: nako kunatakiwa hesabu ndogo nyingi mno kwa mkupuo.

Kabla ya kijani na nyekundu kutawala, aliyependwa kuliko wote alikuwa 3dfx. Kadi yake ya Voodoo ilitoka mwaka 1996 na ikazifanya gemu za wakati ule zionekane kama zimetoka dunia nyingine. Nguvu yake haikuwa kwenye kadi peke yake. Kampuni ilikuwa na lugha yake ya kuandikia gemu, Glide, na gemu lililoandikwa kwa Glide lilitaka kadi ya 3dfx. Mashabiki walidhani wanaipenda kadi, kumbe wamefungwa na programu. Microsoft ilipoikomaza Direct3D, lugha inayoelewana na kadi za kampuni yoyote, kamba ile ikakatika. Kosa la pili likafuata. Mwaka 1998 3dfx iliamua kuinunua kampuni ya STB ili itengeneze kadi zake yenyewe, na viwanda vilivyokuwa vikinunua chipu zake vikajikuta vinashindana na mwenye chipu. Vikahamia kwa wengine, Nvidia ikiwemo. Desemba 2000 Nvidia iliafikiana kununua mali za 3dfx, na miaka miwili baadaye kampuni ikaomba kufilisika. Mashabiki wake walikuwa bado wanaipenda.

Nvidia, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, nayo ilikuja kuwa na kamba yake. Inaitwa CUDA. Ilitangazwa mwishoni mwa 2006 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, ikiwawezesha waandishi wa programu kuitumia kadi kwa hesabu zisizohusiana na picha. Kwa miaka kadhaa wengi hawakuona faida yake. Kisha mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walishinda kwa mbali shindano la kompyuta kutambua picha, wakitumia kadi mbili za GTX 580, kadi za gemu zilizouzwa madukani. Tangu hapo programu nyingi za akili bandia zimeandikwa kwa CUDA kwanza, na wengine wakafikiriwa baadaye. AMD ina mfumo wake, ROCm, tangu 2016, lakini mara nyingi kadi zake za bei nafuu zimechelewa kuhudumiwa au zimeachwa kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayejifunza akili bandia akiniambia anataka kijani, simbishii. Utiifu wake una sababu inayoshikika.

Nyekundu wamepita njia nyingine. AMD iliinunua ATI mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, ikaelemewa na madeni, na ikapata mahali pa kupumulia kwenye gemu za sebuleni. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ina chipu ya AMD. PlayStation 5 ya 2020 pia, na Xbox za kizazi hichohicho vilevile. Ingia kwenye banda lolote la PlayStation Tunduma, Vwawa au Mlowo, pale watoto wanapolipia mechi moja moja: kama kuna PS4 mezani, picha zote zile zinachorwa na AMD. Kijana aliyejifunzia gemu hapo kisha akaja kuniambia nyekundu hawajui kutengeneza kadi, nyekundu ndiyo iliyomlea. PS3 ndiyo iliyokuwa na chipu ya Nvidia, kama umewahi kujiuliza.

Sasa tazama zinakotoka. Chipu za GeForce RTX 40 na RTX 50 za Nvidia, chipu kuu za Radeon RX 7000 na RX 9000 za AMD, na hata za Intel Arc, zote zimetengenezwa na TSMC ya Taiwan. Mahasimu wanapanga foleni kwa fundi mmoja. Wakuu wao, Jensen Huang wa Nvidia na Lisa Su wa AMD, wote wamezaliwa Taiwan, na Su mwenyewe amekwisha kusema hadharani kwamba wana undugu wa mbali. Na kadi unayoishika dukani kwa kawaida haikuundwa na Nvidia wala AMD. Imeundwa na Asus, MSI, Gigabyte, Sapphire na wenzao, wanaonunua chipu na kuiwekea ubao, feni na boksi. Mwaka 2018 Nvidia ilianzisha mpango uliolalamikiwa kuwa unavitaka viwanda hivyo viyatenge majina yao maarufu ya bidhaa za gemu kwa ajili ya GeForce peke yake. Makelele yakawa makubwa, na baada ya miezi miwili hivi ukafutwa. Nauona ule mpango kuwa ushahidi mzuri kuliko wote: kampuni zinajua kwamba mnunuzi hufuata jina lililoandikwa kwenye boksi, na jina hilo wanaligombania kwa nguvu ileile wanayogombania chipu.

Na jina lenyewe si la kuaminika. Mwaka 2017 Nvidia ilitoa GT 1030 yenye kumbukumbu ya kasi ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikatoka GT 1030 nyingine yenye DDR4, kumbukumbu ambayo mwendo wake haufiki nusu ya ile ya kwanza. Jina ni lilelile, boksi karibu lilelile. AMD nayo, mwaka huohuo 2017, iliuza RX 560 za aina mbili chini ya jina moja, moja ikiwa na viini 1,024 na nyingine 896. Mnunuzi aliyesimama dukani akiwa na uhakika wa upande wake tu hakuwa na namna ya kujua amepewa ipi.

Hapa ndipo nataka kuzungumzia Ivuna. Wanasayansi wa dunia wanaijua kwa kimondo kilichoanguka hapo Desemba 16, 1938. Sisi wa Songwe tunaijua kwa chumvi. Kuna kijana huko anayerekodi kwaya na harusi, na alipanda Tunduma na kompyuta yake ya mezani ya ofisini iliyotumika, zile Dell ndogo nyembamba zinazoingia nchini kwa wingi.

"Shikamoo fundi. Nitafutie Nvidia, yoyote ile."

"Marahaba. Yoyote? Hata isiyoweza kubana video?"

Alinyamaza, kwa sababu hakujua kwamba zipo. Zipo. Kazi yake kubwa ni kuchukua saa mbili za harusi na kuzibana ziwe faili la kumpa mteja kwenye flashi. Kadi nyingi zina sehemu maalumu ndani ya chipu inayofanya kazi hiyo peke yake, haraka na kwa umeme kidogo. GT 1030 haina sehemu hiyo. Upande wa nyekundu, RX 6400 ya mwaka 2022 pia haina, ingawa RX 550 iliyoitangulia kwa miaka mitano inayo. Angenunua "Nvidia yoyote" angeweza kurudi Ivuna na kadi isiyomsaidia katika kazi inayomlisha.

Tukaifungua mashine. Pawa sapulai yake ilikuwa ya wati 240, na haikuwa na waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi isiyo na waya wake inategemea umeme wa sloti tu, na sloti hutoa wati 75 basi. Hapo orodha inakuwa fupi sana: GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizo na waya, zenye umbo fupi, RX 550, na chache nyingine. RX 6400 inatosha kwa umeme, lakini inazungumza na kompyuta kupitia njia nne tu, na kwenye mashine ya zamani njia hizo huwa na nusu ya kasi iliyokusudiwa, kwa hiyo inapunguza mwendo. Intel Arc A310 ni ndogo na inabana video vizuri mno, ila inataka mashine yenye mpangilio wa kisasa uitwao Resizable BAR, na Dell ile haikuwa nao.

Kisha kuna joto. Tunduma na Vwawa ni baridi. Ivuna iko chini, bonde la Rukwa, na vumbi lake lina chumvi. Kadi inayotulia huku juu ikishuka kule inapanda joto, na kadi za Nvidia za kizazi cha GTX 1050 Ti huanza kujipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 83. Mwenye kadi anaona video inakwama, analaumu kampuni. Mimi namwambia aisafishe feni kwa brashi kavu, aibadilishe pesti iliyokauka juu ya chipu, na aiinue mashine kutoka sakafuni.

Lakini kijana yule hakuondoka na kadi. Prosesa ya Intel iliyokuwamo ndani ya Dell yake, kizazi cha sita, ina grafiki zake, na ndani ya grafiki hizo kuna kifaa cha kubana video kinachoitwa Quick Sync, ambacho Intel imekuwa ikikiweka tangu 2011. Kuanzia kizazi hicho cha sita kinaimudu pia H.265, mtindo unaotumiwa na simu nyingi kurekodia. Kilikuwa kimelala tu. Tulikiwasha kwenye mipangilio ya programu yake ya kuhariria, tukaongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, na kazi iliyokuwa ikichukua usiku kucha ikawa ya saa chache. Kwa mtu anayetegemea sola au jenereta, saa hizo zinahesabika kwa fedha.

Intel ndiye mtengenezaji ambaye grafiki zake zimo kwenye kompyuta nyingi kuliko wengine wote, na sijamsikia kijana hata mmoja akimshangilia. Inanisikitisha, kwa sababu ushabiki wa wawili unamfanya mtu asikione alichonacho tayari mezani.

Kama bado unahitaji kadi, na wapo wanaoihitaji kweli, kwa gemu, kwa michoro ya nyumba, kwa programu ya Blender, basi ulizia pia umri wake. Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi cha GTX 1050 Ti zingepata draiva za mwisho za gemu Oktoba 2025, na baada ya hapo masahihisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. AMD ilikwisha kuzihamishia Radeon za RX 500 kwenye draiva zinazoguswa mara chache. Kadi haifi kwa sababu hiyo, na kwa video itafanya kazi miaka mingi bado, ila gemu jipya linaweza kuikataa. Anayetumia Linux ana sababu nzuri ya kwenda nyekundu: draiva za AMD zimo ndani ya mfumo wenyewe, huhangaiki kuzitafuta wala kuzipakua kwa bando.

Kuwa macho na kadi iliyotumika inayouzwa bei ya ajabu. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, kadi zilizokesha zikichimba miezi na miezi zilimwagika sokoni. Hizo si lazima ziwe mbovu. Feni ndizo huchoka kwanza, na feni inabadilishwa. Zinazoumiza ni bandia: chipu ya zamani ya GTS 450 au GTX 550 Ti iliyoandikwa upya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Jina litasomeka sawa, stika itasomeka sawa. Nenda dukani na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni bure, na tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine mbele yako, fungua programu, na usome mstari wa jina. Kama limetanguliwa na neno FAKE ndani ya mabano, usitoe fedha.