Injini Isizime Katikati ya Ziwa: Kusafisha na Kupima Kabureta ya Boti

[SAUTI: Injini ya boti inanguruma, inakohoa, inazima. Maji yanapiga ubavu wa boti.]

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kimya hicho ulichokisikia wengi wetu tunakijua. Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu wa Ituri tulivuka Ziwa Albert kuja Uganda. Boti niliyopanda ilizima mara mbili. Mara ya pili upepo ulitugeuza ubavu, maji yakaanza kuingia, na akina mama wakawa wanayachota kwa masufuria. Mwendesha boti aliinama kwenye injini, akalegeza skrubu moja ndogo, akamwaga mafuta kidogo, akaifunga. Akavuta kamba. Injini ikawaka.

Siku ile sikujua alifanya nini. Leo najua. Alimwaga maji yaliyoingia ndani ya kabureta.

Ili kuandaa kipindi hiki nilikwenda Jinja, pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, nikakaa na fundi wa injini za boti karibu na mwalo wa Masese. Kisha nikaenda Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mbale hakuna ziwa, lakini mafundi wa bodaboda wanafungua kabureta kutwa nzima, na mtu asiye na boti anaweza kuanza kujifunza kwao. Kabureta ya pikipiki kama Bajaj Boxer ina bakuli, boya na jeti, sawa na ya boti. Ukiijua moja, ya pili haitakutisha.

Kwanza, kabureta inafanya kazi gani? Inachanganya petroli na hewa. Hewa inapita kwenye koo jembamba. Ikibanwa pale inakwenda kasi, na kasi hiyo inavuta petroli kupitia vitundu vidogo sana viitwavyo jeti. Jeti ndogo ni ya mwendo wa chini, jeti kubwa ni ya mwendo wa kasi. Chini yake kuna bakuli la mafuta lenye boya. Umewahi kuona tenki la maji lenye boya? Maji yakijaa, boya linapanda na kuziba bomba. Hapa pia, boya likipanda linasukuma sindano, na sindano inafunga njia ya mafuta.

Sasa sikiliza hili vizuri. Injini nyingi za boti kwenye maziwa yetu ni zile ambazo oili inachanganywa ndani ya petroli. Kwa nyingi kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Fuata kitabu cha injini yako, na kumbuka kuwa injini mpya huanza na oili nyingi zaidi. Maana yake, jeti ikiziba, injini inakosa mafuta na inakosa oili kwa pamoja. Pistoni inapata joto, inakwama, injini inanoki. Uchafu mdogo kuliko punje ya mchanga unaweza kuua injini nzima.

Kabla ya kufungua chochote, tambua ugonjwa. Injini ikizima kwenye mwendo wa chini lakini inakwenda ukivuta choki, shuku jeti ndogo. Ikinguruma vizuri chini lakini haina nguvu ukiongeza mwendo, shuku jeti kubwa au njia ya mafuta. Iminye ile pampu ndogo ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta. Injini ikipata nguvu kila unapoiminya, angalia kwanza filta, mipira na pampu ya mafuta. Mafuta yakimwagika nje ya kabureta, shuku sindano au boya.

Sasa tufanye kazi. Kaa nje, kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto. Toa waya za plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Tandika kitambaa cheupe, maana skrubu ya kabureta ikianguka kwenye nyasi umeipoteza. Kama una simu, piga picha kila hatua.

Hatua ya 1. Safisha kabureta kwa nje kabla ya kuifungua, la sivyo unaingiza uchafu ndani kwa mkono wako.

Hatua ya 2. Mwaga mafuta ya bakuli kwenye chupa inayoonyesha, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini. Ukiyaona, usiishie kwenye kabureta. Tenki lako nalo lina maji, na kesho ugonjwa utarudi. Mwaga, safisha, na siku zote mimina mafuta kwa kuyachuja.

Hatua ya 3. Tafuta skrubu ya hewa. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko. Iandike: moja na nusu, mbili, vyovyote itakavyokuwa. Ndivyo utakavyoirudisha. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni laini.

Hatua ya 4. Fungua bakuli, toa boya, sindano na jeti. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa jeti, maana jeti ni shaba na inaharibika upesi.

Hatua ya 5. Loweka vyuma kwenye dawa ya kusafishia kabureta au petroli safi. Mipira na plastiki usiiloweke kwenye dawa, itavimba. Puliza kila tundu kwa upepo wa kompresa, au kwa pampu ya baiskeli kama huna kompresa. Kinga macho. Kisha inua jeti kwenye mwanga: uone tundu la mviringo, safi.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunachukua waya wa chuma na kutoboa jeti. Tundu likipanuka hata kidogo, petroli inapita nyingi kuliko kipimo, na hakuna tena wa kulirudisha. Tumia unywele wa brashi ya nailoni.

Hatua ya 6. Pima vipande. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Tazama ncha ya sindano. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, nunua nyingine. Badilisha na gasketi zilizochoka. Usipake gundi ya silikoni kwenye bakuli, vipande vyake vikikatika vitaziba jeti uliyoisafisha.

Hatua ya 7. Rudisha boya na sindano, unganisha mpira safi kwenye njia ya mafuta, kisha geuza kabureta juu chini. Puliza taratibu kwa mdomo. Hewa isipite. Igeuze ikae sawa, puliza tena. Hewa ipite. Kama haiko hivyo, usifunge. Urefu wa boya nao upimwe kama kitabu kinavyosema, usikisie.

Umefunga? Bado hujamaliza. Fundi wa Jinja alinieleza kwamba kusafisha ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kupima.

Anza na injini ikiwa imezima. Minya pampu ya mpira mpaka iwe ngumu, subiri dakika chache. Petroli isivuje popote. Kisha weka injini kwenye pipa la maji, yafunike sehemu inayovutia maji ya kupoza. Usiiwashe mahali pakavu hata kidogo, pampu ya maji itaungua. Toa propela ili isikate mtu. Washa, hakikisha kijito cha maji kinaruka pembeni, acha ipate joto, ndipo urekebishe skrubu ya hewa mpaka ingurume sawasawa.

Mwisho, ziwani. Rudisha propela. Kaa karibu na mwalo, mchana, bila abiria, ukiwa na jaketi la kuokolea, makasia na mwenzako kwenye boti nyingine. Jaribu mwendo wa chini, wa kati na wa kasi. Ukirudi, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe na kavu, petroli ni kidogo, rudi kwenye jeti. Nyeusi yenye unyevu, petroli au oili imezidi.

Msikilizaji, labda wewe si fundi na huna boti. Lakini utapanda. Tarehe 22 Machi 2014, ndugu zetu waliokuwa wakirudi Kongo walizama Ziwa Albert, zaidi ya 100 wakafa. Chombo kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Kabureta safi haiokoi boti iliyojaa namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga ndani, uliza: Injini imejaribiwa leo? Makasia yako wapi? Jaketi zinatosha? Kuuliza si dharau. Nahodha mzuri hatakasirika.

Nawe kijana uliyekaa bila kazi, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi. Nenda kwa fundi wa bodaboda aliye karibu nawe, omba kumshikia spana. Mbale nilimkuta kijana aliyeanza kwa kuosha jeti tu.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilini haya: Kwenye mwalo wetu, nani anajaribu injini kabla ya kubeba watu? Mafuta yetu yanachujwa wapi? Kama hakuna jibu, anzeni hapo.

Mvuke salama.

[SAUTI: Kamba inavutwa. Injini inawaka, inanguruma sawasawa.]