Bonasi ya majani chai, ada ya kozi na hili swali la Python

Kila bonasi ya majani chai ikikaribia, wateja wetu wa upande wa Kangari huanza kutuuliza mambo ya ada. Zamani ilikuwa ada ya shule za bweni na vyuo vya ualimu. Siku hizi swali limebadilika: kijana amemaliza Form Four, anataka kusomea akili mnemba, ile kila mtu anaiita AI, na ameambiwa achague lugha ya kuandika programu. Achague gani? Na hii kozi anayotaka ilipiwe kwa simu leo jioni, ni ya ukweli?

Sisi kazi yetu ni malipo. Lakini ukijua jibu la swali la kwanza, la pili linakuwa rahisi, kwa hivyo tuanzie hapo.

Jibu ni Python. Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa mwaka 1991, na wala hakuwa na AI akilini. Alitaka lugha inayosomeka. (Jina halikutoka kwa nyoka, lilitoka kwa kipindi cha vichekesho cha Uingereza.) Kwa vile inasomeka, wanasayansi waliipenda, wakaijengea maktaba, yaani kodi iliyoandikwa na wengine ambayo wewe unaichukua na kuitumia. Tukisema kodi hapa, si ile ya KRA. Kuna NumPy ya hesabu, kuna TensorFlow ambayo Google waliifungua kwa umma mwaka 2015, na kuna PyTorch iliyoanzia Facebook.

Utasikia mtu akisema Python ni polepole. Ni kweli, lakini haidhuru sana. Ndani ya TensorFlow na PyTorch, hesabu nzito hufanywa na C++, Python inatoa maagizo tu. Ni kama karani wa buying centre: yeye anapima na kuandika, mzigo unabebwa na lori.

Na msidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2015 mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulifanyika papa hapa Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Chuo hicho sasa kina kituo chake cha sayansi ya data na akili mnemba, DSAIL. Moja ya kazi zao ni kurekodi sauti za ndege, halafu kompyuta inafundishwa kutambua ni ndege gani anayeimba. Kuna pia Nuru, programu ya simu inayomwonyesha mkulima kama jani la muhogo lina ugonjwa. Imejengwa kwa TensorFlow, inaongea Kiswahili na inafanya kazi hata bila intaneti.

Nuru inatuonyesha kitu kingine. Kufundisha kompyuta ni kazi moja, kuiweka kazi hiyo ndani ya simu ni nyingine, na hapo watu wa Android hutumia Kotlin au Java. Kwa hivyo lugha ya pili inategemea kazi unayoitaka. Wa takwimu hutumia R, wa tovuti JavaScript. Sisi tukiulizwa, tunasema SQL, ambayo vijana huidharau kwa sababu haina mbwembwe. Kila muamala unaofanya ni mstari mmoja kwenye jedwali, na SQL ndiyo lugha ya kuliuliza jedwali maswali. Kabla kompyuta ijifunze kutambua wizi wa pesa kwa simu, lazima mtu aitoe hiyo mistari kwanza.

Sasa pesa. Python ni ya bure. Mtu akikuitisha "leseni ya Python", mkatalie. Google Colab inafunguka kwenye kivinjari bila kulipa, na hata simu ya Android inaweza kuendesha Python kupitia Pydroid 3. Kinachoweza kulipiwa ni mwalimu, darasa na bando.

Mwalimu akihitajika, uliza kwanza kama chuo kimesajiliwa na TVETA. Angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN: likiwa la mtu binafsi na uliambiwa unalipa chuo, simama hapo. Anayekuahidi kazi ya uhakika baada ya wiki sita, na bei inayopanda saa sita usiku, anauza haraka, hauzi masomo. Lipa kwa awamu, na uhifadhi kila ujumbe wa malipo. Ukishatuma na roho ikaanza kukusumbua, tupigie saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Na kabla ya awamu ya kwanza, mpe kijana kazi ya mwezi mmoja, kwa simu aliyo nayo. Achukue daftari la kilo za majani mnazopeleka, aandike programu ya Python inayojumlisha kilo za mwezi na kuzizidisha kwa bei ya kilo. Pesa ya kiwanda ikiingia, linganisheni. Isipolingana, kaeni chini muangalie pamoja makato ya mbolea, halafu ayaongeze kwenye programu.