Mnyororo Nao Wataka Nyumba

Barabara itokayo Uvira kwenda Baraka hupita Lusenda, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Fizi. Tangu mwaka 2015 mahali hapo pamejulikana mbali kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Wenyeji na wageni hutegemea sana jembe la mkono. Na mvua zinyeshapo, lori likakwama topeni, kitu kinachotafutwa kwanza ni mnyororo.

Siku chama cha wakulima kitakapopata trekta ndogo, mnyororo utazidi kuwa na kazi: kukokota magogo, kuvuta gari lililozama. Lakini je, kazi ikiisha, mnyororo utalala wapi?

Wengi hujibu: "Popote." Huutundika nyuma ya trekta, kisha hushika njia. Kumbe trekta hurukaruka mashimoni, na mnyororo huteleza kidogo kidogo. Hapo nyuma pana mhimili uendeshao mashine, nao huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya mnyororo ikinaswa hapo, hupiga kama mjeledi wa chuma, na aliye karibu hana nafasi ya kukimbia.

Dawa yake ni sanduku la chuma, nalo fundi achomeleaye milango na madirisha aweza kulitengeneza.

Kwanza tuitazame trekta yenyewe. Nyuma yake ina mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Mpango huo ulienezwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ambaye trekta zake zaidi ya 500,000 ziliundwa Uingereza kati ya 1946 na 1956. Fundi na aunde fremu ya kushikwa na mikono hiyo kwa pini. Juu ya fremu achomelee masanduku mawili, moja kushoto na moja kulia, ili uzito uwe sawa, na katikati pabaki wazi kwa ajili ya mhimili.

Mnyororo wa unene wa milimita 10 una uzito wa kilo 2 na zaidi kwa kila mita. Mita 10 hupita kilo 20. Kwa hiyo bati jembamba halifai. Bamba la milimita 4 latosha. Urefu sentimita 30, upana 20, kina 25: humo mnyororo huo utaenea. Chini patobolewe matundu, maji yatoke, kutu isiule. Bamba lililopakwa zinki likwanguliwe kwanza, maana moshi wake huleta homa.

Sasa yashikeni mambo matatu. La kwanza, msichomelee kitu juu ya mikono ya trekta, wala msiunge kwa moto pete ya mnyororo iliyopasuka. Moto huondoa nguvu ya chuma kilichokazwa kiwandani. Mnyororo ukikatika katika mvuto huruka na kuua. La pili, msivute mzigo kwa fremu ya masanduku wala kwa mkono wa juu. Vuteni kwa chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli. Mvuto ukitoka juu, trekta huinua pua na kumpindukia dereva. La tatu, msijaze masanduku mawe na vyuma vikuukuu, kwani uzito wa nyuma huyapunguzia magurudumu ya mbele nguvu ya kugeuka.

Kazi ikiisha, injini ikiwa imezimwa, fundi auzungushe mhimili kwa mkono na kuona kwamba haugusi kitu. Kisha awaonye wenye trekta juu ya watoto, maana watatamani kupanda. Sanduku lile lina nafasi ya mnyororo. Halina nafasi ya mtoto.