Usiku Ambao Boston Iliwaombea Dua Mahasimu Wake

Wanangu, besiboli ni mchezo usio na saa ya kuumaliza. Kwenye kandanda, timu yako ikiongoza kwa bao moja na zimebaki dakika mbili, kipa ataukumbatia mpira, beki ataubutua jukwaani, refa atapuliza filimbi, mmepona. Kwenye besiboli hakuna filimbi ya kukuokoa. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na zamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Mpigaji hutolewa akiukosa mpira mara tatu, kwa mfano, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini. Mkilingana, mnaongeza zamu, hata iwe usiku wa manane. Lishikeni hilo, maana ndilo lililowaliza watu wa Boston mwaka 2011.

Timu yao ni Red Sox, nao huipenda kwa mapenzi ya kurithishana, babu kwa mjukuu. Msimu una michezo 162, karibu kila siku kuanzia majira ya Aprili hadi Septemba inapokatika. Mwanzoni mwa Septemba ile, Red Sox walikuwa mbele ya Tampa Bay Rays kwa michezo 9 katika kuwania nafasi moja iliyobaki ya kuingia hatua ya mtoano. Watu wakahesabu kazi imekwisha.

Kisha wakaanza kufungwa. Septemba nzima walishinda michezo 7 na kupoteza 20. Shabiki wa namna hii halali vizuri. Asubuhi, kabla hajanawa uso, anatazama msimamo. Baada ya siku chache anagundua kwamba anaanza na matokeo ya Rays, ya timu yake baadaye. Anakasirika na hana wa kumkasirikia. Kurusha mpira hawezi, kudaka hawezi. Mimi naona huo ndio uchungu wenyewe: unabeba mzigo ambao mikono yako haiwezi kuugusa.

Ikafika Septemba 28, siku ya mwisho. Red Sox na Rays wamelingana, kila timu ushindi 90. Red Sox wako Baltimore wakicheza na Orioles, timu ya mkiani. Rays wako kwao Florida wakicheza na New York Yankees. Na tazameni mtihani huo: Yankees ni mahasimu wa Boston tangu enzi za mababu, na usiku ule watu wa Boston ilibidi wawaombee dua!

Dua zilielekea kujibiwa. Yankees wakaongoza 7 kwa 0. Kule Baltimore Red Sox wakawa mbele 3 kwa 2, halafu mvua ikanyesha, mchezo ukasimama zaidi ya saa moja. Florida nako mambo yakageuka. Katika zamu ya 8 Rays walipata pointi 6. Katika ya 9, wawili wameshatolewa, akaingia Dan Johnson, mtu ambaye msimu ule alikuwa akifanikiwa kama mara moja kwa kila majaribio 9. Akahesabiwa makosa mawili. Kosa moja tu zaidi, mchezo umekwisha. Akaupiga, ukavuka uzio, na hiyo ni pointi. Saba kwa saba.

Mvua ilipokatika Baltimore, zamu ya mwisho, mrushaji wa Boston, Jonathan Papelbon, aliwatoa wapigaji wawili wa kwanza. Amebaki mmoja. Chris Davis akaupiga mbali, akafika kituo cha pili, nusu ya njia ya kupata pointi. Nolan Reimold akabakiwa na kosa moja tu. Naye akaupiga, Orioles wakasawazisha. Kisha Robert Andino akaupiga chini chini upande wa kushoto. Carl Crawford wa Boston akakimbia, akateleza, mpira ukaingia kwenye glavu ukatoka. Orioles 4, Red Sox 3.

Bado palikuwa na tumaini: Yankees wakishinda, Boston watapewa mchezo mmoja zaidi kesho yake. Tumaini hilo liliishi kama dakika tatu. Saa sita na dakika tano usiku, zamu ya 12, Evan Longoria wa Rays aliupiga mpira ukapita juu ya ukuta mfupi wa kushoto. Rays 8, Yankees 7. Red Sox nje.

Mwaka 2012 Red Sox walimaliza mkiani mwa kundi lao, na mashabiki wakaendelea kutazama msimamo kila asubuhi. Mwaka 2013 wakawa mabingwa.